Rupesh Aiuza Kachi

Rupesh Vaghela hakujihesabu kuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Rupesh alifunguliwa, akapokewa koti, akaandaliwa chai, na alipoaga mwenye nyumba alimsindikiza hadi kwenye gari huku akimshukuru. Katika miaka yake ya Birmingham alikuwa ameuza mafuta ya kuotesha nywele, kidude cha kupunguza bili ya umeme ambacho ndani yake mlikuwa na mchanga mtupu, na maji matakatifu ya mto Ganga yaliyotoka kwenye bomba la jikoni kwake, Stechford. Bibi mmoja aliyeyanunua alipona mgongo, akarudi kutaka mengine. Rupesh, kwa kuwa ni mtu mwenye dhamira, alimpunguzia bei.

Jumamosi moja ya mwaka 2007, mvua ya Birmingham, ile isiyonyesha ikaeleweka wala isiyokoma, ilimsukuma ndani ya mkahawa wa Falis kule Moseley. Falis, Msomali aliyekulia Eastleigh, alikuwa amekodisha kuta zake kwa mpiga picha fulani aliyerudi kutoka magharibi mwa India. Kuta nzima zilikuwa zimejaa Kachi na Rajasthani: wanawake wenye shela nyekundu wakivuka jangwa la chumvi jeupe kama shuka, ngamia waliotiwa shanga, wazee wenye vilemba vikubwa kuliko mito ya kulalia. Na mbele ya picha walisimama watu wa Moseley, kikombe mkononi, wakishusha pumzi kama watu walioachwa na wapenzi wao.

Rupesh alizitazama picha, kisha akawatazama watazamaji. Picha hazikumvutia. Watazamaji walimvutia sana.

Hapo ndipo aliposikia Kiswahili nyuma yake.

"Thérèse, angalia hii mwangaza. Angalia tu. Mutu akisimama pale, hata kamera yake ikiwa mubaya, picha itatoka muzuri."

Msemaji alikuwa mzee mrefu, koti limefungwa kifungo kimoja juu ya kingine, macho yameganda kwenye picha ya jangwa. Kando yake alikaa mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kanisani kichwani, ameushika mkoba wake kwa mikono miwili kana kwamba ndani yake mna kuku. Kwa lafudhi tu, Rupesh alijua hao ni watu wa Bukavu. Alijua pia kwamba mjini Birmingham mtu akisikia Kiswahili kutoka kinywa asichokitegemea, hugeuka kwanza, akili huja baadaye. Kwa Rupesh, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili kilikuwa ufunguo malaya: hakuna kufuli lililokikataa.

"Mzee, hapo umesema ukweli mtupu," alisema. "Hiyo mwangaza mimi nimezaliwa ndani yake."

Mzee aligeuka. "Unasema Kiswahili!"

"Nimezaliwa Bhuj, huko huko Kachi, nikalelewa Kisumu. Na kila mwaka napeleka group kule, watu wa kamera. Hii yote unayoona," akapunga mkono ukutani kama mwenye shamba, "kwangu ni kama kwenda dukani kununua maziwa."

Rupesh hakuwa amewahi kukanyaga India. Babu yake alitoka mahali fulani kule, lakini alikuwa mtu wa maneno machache, akafa bila kusema ni wapi.

Mwanamke mwenye mkoba akamtazama kuanzia viatu. "Bon. Na kamera yako iko wapi?"

"Mama, mpishi wa hoteli hatembei na sufuria."

Mzee akacheka. Alicheka kwa sauti hata Falis akageuka kule kwenye mashine ya kahawa. Mkewe hakucheka. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kisha akamtazama Rupesh kwa muda mrefu zaidi, na mshiko wake juu ya mkoba ukalegea kidogo. Rupesh, mvuvi mzoefu, akasema moyoni: huyo amemeza.

Jina la mzee lilikuwa Gustave. Rupesh akamweleza safari: kundi dogo, kiongozi mzoefu, majangwa, mahekalu, masoko ya vitambaa, alfajiri na machweo yamejumlishwa kwenye bei. Kisha akaitaja bei yenyewe. Ilikuwa bei ya haki kabisa, kwa maana Rupesh aliamini kuwa uwongo lazima uuzwe kwa bei ya kweli, la sivyo watu wanashtuka.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Watu walipe. Siku ya kuondoka ifike. Wao wawe uwanja wa ndege na mizigo yao, yeye awe ufukweni Uhispania, amevaa kaptula.

*

Gustave aligeuka mpiga debe hodari kuliko alivyotarajiwa. Jumapili ile ile alisimama kanisani kwao baada ya matangazo na kuielezea Kachi kwa namna iliyowafanya wanakwaya wasahau wimbo wa mwisho. Watu wakaanza kujiandikisha. Kutoka Handsworth akaja Bibi Jagjit, Singasinga mjane wa Nakuru, ambaye hakupenda picha wala majangwa, lakini wifi yake Charanjit alikuwa amekwenda Rajasthani na kuwalazimisha jamaa wote kutazama video yake jioni tatu mfululizo.

"Mimi nataka picha zitakazomfunga mdomo yule mwanamke," alimwambia Rupesh. "Kubwa. Zenye fremu."

"Bibi, utarudi na picha mpaka akuombe msamaha."

"Hapana msamaha. Nataka anyamaze tu."

Thérèse ndiye aliyeleta shida ya kwanza. Alisema kiongozi awafundishe kidogo kabla ya kuondoka, ili wasiende kuaibika huko kwa watu. Wote wakasema kweli, kweli. Basi Jumamosi iliyofuata Rupesh, ambaye hakujua kamera inashikwa upande gani, alijikuta Soho Road, barabara ya maduka ya Wahindi, akiongoza kundi la watu wazima wenye mashine shingoni, wakimsubiri afungue kinywa.

Akafungua. Kinywa chake hakikuwahi kumwangusha.

"Jambo la kwanza," alisema, "ni nuru. Nuru ni kama mama mkwe. Usimpe mgongo, wala usimkodolee macho. Kaa naye upande."

Walitikisa vichwa. Mmoja alisema amen.

"Jambo la pili. Usipige picha ya kitu mpaka kikuzoee. Simama. Tulia. Kikishasahau kwamba upo, hapo ndipo ukichukue."

Hili la pili lilikuwa la kweli, ila si la picha: ndivyo yeye alivyowaingia wateja. Kundi likatawanyika kwa utiifu barabara nzima. Walisimama mbele ya mafungu ya bamia, mbele ya masonara, mbele ya vinyozi, wakisubiri kuzoewa. Bibi Jagjit alipiga picha nyingi sana, na katika kila moja kidole chake kilijitokeza pembeni kama shahidi.

Gustave aliingia duka la vitambaa na hakutoka. Rupesh alipomfuata alimkuta amesimama kwenye kona, magoti yamekunjwa kidogo, kimya. Muuzaji, mama mmoja mnene, alikuwa akimpimia mteja hariri nyekundu, na kwa kweli alikwisha sahau kuwa kuna mzee hapo. Akairusha hariri hewani ili ikunjuke. Kamera ikalia mara moja tu.

Gustave akaonyesha kile kioo kidogo cha nyuma. Kitambaa kilikuwa kimening'inia hewani kama moto uliokataa kushuka, na chini yake uso wa yule mama ulikuwa uso wa malkia. Watu wakaja kuchungulia mmoja mmoja, na kila aliyechungulia hakutaka kumpisha wa nyuma yake.

"Ni vile ulisema, Mwalimu," Gustave akasema. "Kwanza kizoee."

Rupesh akaomba kuiona picha tena. Akasingizia kwamba anaikagua kama mwalimu.

*

Shida ya pili ililetwa tena na Thérèse. Walikuwa wamekusanyika ukumbi wa kanisa, Rupesh amekwisha tamka kwa upole neno "arubuni", ndipo mama yule akasimama.

"Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini sisi tulitoka Congo. Mukononi mwa mutu hatuweki kintu tena. Tutalipa kwenye biro. Biro yenye mulango, na kibao juu. Hata iwe ndogo tu, kama zile za pale Stechford, karibu na stesheni."

"Mama Thérèse," Rupesh akasema, mkono kifuani, "umenitoa neno mdomoni. Mimi ndio ningetaka kusema hivyo."

Usiku hakulala vizuri, lakini asubuhi alikuwa mchangamfu. Ofisi? Basi atapata ofisi. Na karibu na stesheni ya Stechford, jirani na nyumba anayokaa, kweli palikuwa na moja, yenye mlango na kibao, na bango la ndege lililopauka dirishani. Mwenyewe aliitwa Rajvinder, mzaliwa wa Eldoret, mwanamke ambaye bangili zake za dhahabu zilifika kabla yake. Rupesh alimkuta akitafuna mogo, yaani muhogo wa kukaanga, kutoka kwenye mfuko. Akazitazama bangili, akamtazama anavyolamba chumvi vidoleni, akaamua: huyu anapenda vitu.

"Dada, tuongee kama watu wa nyumbani."

"Watu wa nyumbani ndio walionifilisi mara ya kwanza," Rajvinder akajibu. "Ongea."

Rupesh akaongea. Kundi litalipa hapa, mbele ya kibao chake. Rajvinder atawapa risiti nzuri yenye muhuri. Siku ya safari ofisi itafungwa kwa sababu ya msiba, au mafuriko, au chochote apendacho, na fungu litagawanywa nusu kwa nusu. Rajvinder alitafuna taratibu.

"Nusu yako, nusu yangu. Na jela ya nani?"

"Hakuna jela. Biashara inakufa, dada. Biashara nyingi zinakufa hapa UK. Nani anafunga maiti?"

Mwanamke akafikiri, bangili zikifikiri pamoja naye. "Kuna kitu kimoja. Kundi zima linalipa, kiongozi halipi? Hata kipofu ataona. Halafu mimi nitajuaje hutaniachia kesi ukakimbia? Weka chako kwanza. Lipa nauli kama wao, kamili, wakuone ukilipa. Siku ya mwisho unakichukua chako pamoja na nusu yako. Asiyetia chambo, Rupeshbhai, anarudi na ndoano."

Sasa, weka chako kwanza ni wimbo ambao Rupesh mwenyewe aliwaimbia watu tangu ujana. Aliuimba akiuza mafuta ya nywele, aliuimba akiuza mchanga. Lakini daktari hajisikilizi kifua. Aliposikia wimbo wake ukitoka kinywani mwa mtu mwingine, alichofikiri ni kwamba mwanamke huyu ana akili.

Aliuza gari. Lilikuwa Mercedes jeupe la zamani aliloliita Malkia, ambalo alilipangusa kila Jumapili kwa fulana laini, na lililomsaidia sana kazini, maana hakuna anayemshuku mtu aliyeshuka kwenye gari jeupe. Alipolikabidhi kwa mnunuzi alitazama pembeni. Kisha akaenda Stechford kwa miguu, akalipa mbele ya kundi zima, kwa mikono iliyotulia, na watu wakampigia makofi. Rajvinder akakusanya pasipoti za wote, pamoja na ya kiongozi, kwa ajili ya viza.

"Mpaka viza?" Rupesh alimnong'oneza walipobaki wawili.

"Uwongo wa nusunusu," Rajvinder akasema, "ndio unaofungisha watu."

Rupesh aliondoka akimvulia kofia. Alijuta kidogo kwamba hawakukutana mapema. Wangeweza kuuza mambo makubwa.

*

Siku ya safari Rupesh alifika uwanja wa ndege wa Birmingham na kibegi chepesi. Ndani yake mlikuwa na kaptula mbili, miwani mipya ya jua na chupa ya mafuta ya kujipaka ufukweni. Walikubaliana na Rajvinder kwamba asipoonekana watu watapiga kelele mapema mno. Hivyo aje, achangamke, na wakati wa pilikapilika za mizigo atapokea fungu lake na pasipoti yake ndani ya mkoba wa kamera. Kisha atakwenda tu dirisha jingine, anunue tiketi ya Malaga, Uhispania, na kwaheri.

Kundi zima lilikuwepo. Bibi Jagjit alivaa viatu vya kupandia milima na salwar mpya ya zambarau. Gustave alikuwa na fulana yenye mifuko isiyohesabika, na kila mfuko alikuwa ameutia kitu. "Mwalimu!" akapaza sauti. "Sikulala!"

Rajvinder akamvuta Rupesh pembeni, karibu na vyoo, akampa mkoba mweusi mzito. Uzito wake ulimpendeza. Akaingia chooni, akajifungia, akaufungua zipu.

Mlikuwa na stendi ya kamera iliyokunjwa, lenzi, pasipoti yake yenye viza ya India, na tiketi ya Ahmedabad yenye jina lake.

Alitoka mbio. "Pesa ziko wapi?"

"Zimekuwa ndege," Rajvinder akasema. Akaonyesha kwa kidevu kupitia kioo kikubwa. "Ile pale. Inatiwa mafuta."

"Zote?"

"Ndege, hoteli, gari na dereva wa kule anayejua njia. Na kamisheni yangu, ya halali. Hata yako imo. Asante kwa kulipa mapema."

"Wewe... sisi tulikubaliana!"

"Ulikubaliana peke yako. Mimi nilikuwa nakula mogo."

Nyuma yake mtu alikohoa. Alikuwa Thérèse, mkoba wake mikononi.

"Usimugombeze dada yangu," alisema. "Ni miaka minatumia biro yake kuleta ndugu kutoka Bujumbura. Mbele uingie mulango wake, nilikuwa nimekwisha kumuambia urefu wako."

Rupesh alipata kiti, akakaa. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu sufuria."

"Basi kwa nini hukuita polisi?"

"Polisi banajua kupiga picha?" Thérèse akakaa karibu naye. Kule mbele Gustave alikuwa akimwonyesha Bibi Jagjit mahali pa kuweka kidole chake. "Angalia yule mutu. Bukavu alikuwa na studio yake, kila bibi harusi wa muji alipita pale. Vita ikaiba yote. Tukafika huku, akapata kazi Longbridge, kwenye magari. Kiwanda kikafunga. Akakaa kwenye kiti, anaangalia ukuta. Nilimununulia kamera, ikaota vumbi kwenye kartoni. Pasta akaomba. Munganga akatoa vidonge. Miaka miwili, Mwalimu. Siku ile nilimuvuta kwa nguvu tutoke nyumbani, tukanywe kahawa tu. Halafu weye ukaingia na uongo yako, na yeye akacheka."

Rupesh akaufunga zipu ule mkoba mweusi.

"Uongo yako ilikuwa muzuri sana," Thérèse akaendelea. "Nikaona ni heri tuilipie, iwe kweli. Sasa hapa ndipo tuko. Yeye anaamini anafuata mutu wa Bhuj. Akijua ulikuwa unamukejeli, atarudi kwenye kile kiti, na mimi sitakuwa na nguvu ya kumutosha inje tena. Ukitaka kwenda, mulango ni ule. Basi la Stechford linasimama pale inje. Uko na nauli?"

Rupesh akajipapasa. Nauli ya basi alikuwa nayo. Alimtazama Gustave, ambaye sasa alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya uwanja wa ndege akiipiga picha foleni ya mizigo, amesubiri mpaka imezoea. Kisha akaitazama tiketi mkononi mwake. Mtu anayetaka kusema Rupesh aliguswa moyo na aseme, hatutabishana naye. Yeye mwenyewe baadaye aliapa kwamba sababu ilikuwa moja tu: alikuwa ameilipia. Katika maisha yake yote hakuwahi kulipia kitu, na hakuwa tayari kukiacha cha kwanza.

"Nipe hizo stendi," alimwambia Thérèse. "Mzee asibebe."

*

Huko India aliyeongoza ni dereva Hamir, na aliyebeba ni Rupesh. Alibeba stendi zote za kundi begani kama kuni. Kigujarati chake, alichokirithi Kisumu, kilikuwa kimejaa maneno ya Kiswahili, sufuria, fagio na kisu, na kila alipokisema watu wa Ahmedabad walimjibu kwa Kiingereza, polepole, kwa huruma. Aliwaeleza wenzake kwamba hiyo ni lahaja ya watu wa zamani sana. Wakaamini, kasoro mmoja, mwenye mkoba mapajani, ambaye alikuwa akitazama nje ya dirisha la gari kwa makusudi.

Alfajiri walipofika kwenye jangwa la chumvi, weupe ulienea mpaka ukashika mbingu, na wanawake watatu wenye shela nyekundu wakapita mbali kabisa bila sauti. Gustave alilia akipiga picha. Rupesh alitafuta la kusema, kwa kuwa kundi lilimgeukia kama kawaida, akakuta hana. Wakadhani ni somo la tatu, wakanyamaza naye.

Lakini mzee Gustave alikuwa na deni lake la heshima. Walipofika Bhuj akatangaza: "Leo hatuendi sokoni. Leo tunaenda kwa Mwalimu, pale alizaliwa. Tutapiga picha ya familia."

"Familia ilihama," Rupesh akasema haraka.

"Basi tutapiga nyumba."

Ilimjia kusema kwamba nyumba ilianguka katika tetemeko la ardhi la 2001 lililouangusha mji ule. Akatazama vibanda vya bati vya waliopoteza nyumba, vilivyokuwa bado vimesimama huku na huku, na ulimi wake, ambao haukuwahi kumkatalia jambo, ukakataa. Basi akawaongoza vichochoro viwili vitatu, kwa mwendo wa mtu mwenye kumbukumbu, hadi akaona mlango wa mbao uliofungwa, umechakaa, una vumbi la kutosha. Nyumba isiyo na mtu.

"Ni hapa," alisema. "Hapa ndipo nilipozaliwa."

Mlango ukafunguka.

Alitoka bibi mkongwe, mdogo kama kinda, macho meusi makali. Akamtazama Rupesh. Akatazama kamera zote nyuma yake. Akatazama saa iliyong'aa mkononi mwake, na hapo macho yakakaa kidogo.

"Nani kazaliwa kwangu?" aliuliza, kwa Kiswahili safi cha Kisumu.

Kundi likashangilia. Gustave akasonga mbele, machozi tayari. "Mama, tumekuletea Rupesh! Ametoka Ulaya!"

Kulikuwa na nafasi ndogo, kama ya mtu kumeza mate, ambamo maisha yote ya Rupesh yalining'inia. Kisha bibi akainua mikono miwili juu.

"Rupesh! Mtoto wa kaka yangu! Nilidhani nitakufa sijamwona!"

Akamkumbatia, na kamera zikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Bibi Jagjit alilia kwa sauti na bado akapiga. Katikati ya kumbatio, mdomo wa mkongwe ulikuwa kwenye sikio la Rupesh.

"Hiyo saa ni dhahabu?"

"Ni... ni rangi tu, bibi."

"Itafaa. Naitwa Valbai, usije ukanikosea jina. Mimi Kisumu niliuza duka moja kwa watu watatu, na wote watatu walinialika harusi za watoto wao. Tabasamu." Kisha kwa sauti ya mtaa mzima: "Mpwa wangu katoka Ulaya! Ndiyo amkute shangazi yake mikono mitupu? Haiwezekani! Naona kuna kitu ananiletea!"

Kundi likamtazama Rupesh kwa upendo. Rupesh akavua saa. Valbai akaipokea kwa kilio, akaivaa. Kisha akasema macho yake yanamsumbua na jua, na ile miwani ya Malaga ikaondoka. Baridi ya jioni nayo ilikuwa ikimwingia mgongoni, maskini, akaondoka na jaketi. Hata wanakundi walichanga wenyewe bila kuombwa, kwa ajili ya chai, na chai yenyewe ikaletwa kwenye vikombe vya udongo, nzuri ajabu.

Walikaa uani hadi jua likashuka. Valbai, amevaa miwani, aliwasimulia utoto wa Rupesh: alivyokuwa akila chokaa ya ukuta, alivyompanda mbuzi wa jirani akaanguka, alivyolia siku baba yake alipompakia kwenye meli ya Mombasa. Alisimulia kwa ufundi hata Rupesh akaanza kukumbuka. Alimkumbuka mbuzi. Alijipapasa kovu la kwenye goti, ambalo alilipata kwenye ngazi za duka moja la Kisumu, akajiuliza kama kweli ni la ngazi.

Wakati wa kuondoka Thérèse alibaki nyuma, akamwinamia Valbai kwa heshima, wakatazamana wanawake wawili wale kama mafundi wa kazi moja.

*

Huko Birmingham mambo yalikwenda yanavyokwenda. Gustave alikodi chumba kimoja Stechford, juu ya duka la kebabu, akakiita studio, na mabibi harusi wa Kikongo wakaanza kuzipanda zile ngazi wakiwa wameinua magauni yao. Picha yake inayopendwa kuliko zote ni ile ya kumbatio: mkongwe macho yamefumbwa, mpwa macho yametoka. Watu husema wanaona ndani yake mshtuko wa upendo. Charanjit alionyeshwa picha za wifi yake, kubwa, zenye fremu, na akanyamaza kwa siku mbili nzima.

Rajvinder alianza kuulizwa na wateja safari nyingine itaondoka lini na kama yule Mwalimu wa Bhuj atakuwepo. Akampa Rupesh mshahara. Rupesh aliutazama mara ya kwanza kwa mashaka makubwa, akaugeuza juu chini, akitafuta mahali pa hila.

Kisha, siku moja mchana, simu ikalia.

"Mpwa," sauti ilisema. "Paa linavuja."

"Shangazi, Kachi ni jangwa. Mvua hainyeshi."

"Ndiyo maana hatukulitengeneza mapema."

Rupesh akasema ataona. Hata hivyo alikuwa keshavaa viatu. Njiani kwenda kwenye duka la kutuma pesa alijiambia kwamba anakwenda kuuliza tu viwango. Alipofika akajaza fomu, akahesabu pesa, akazisukuma chini ya kioo. Dada wa dirishani, mwenye sura ya huruma, alisoma jina la mpokeaji, akamtazama mteja wake.

"Mzee, samahani, lazima niulize. Una hakika unamfahamu huyu mtu? Matapeli wamezidi siku hizi."

Rupesh Vaghela alisimama wima. Aliudhika kwa dhati, kama mtu mwenye jina la kulinda.

"Dada," alisema, "chunga mdomo wako. Huyo ni shangazi yangu."